Mashine ya kufulia isiyojaza maji: kusoma dalili kabla ya kufungua skrubu

Malalamiko ya kwamba mashine ya kufulia haijazi maji hufunika matatizo yasiyofanana hata kidogo. Kuna mashine isiyoingiza hata tone, na kuna inayoingiza maji kidogo kidogo mpaka muda wake wa kusubiri unakwisha na programu inasimama. Ipo inayoingiza maji vizuri, lakini maji hayohayo yanatokea upande wa pili. Ipo inayodhani imekwisha kujaa ilhali pipa ni kavu, na ipo iliyo nzima kabisa, ambayo mwenyewe anaidhania mbovu kwa sababu haoni maji kwenye kioo. Fundi anayebadilisha valvu, yaani kifaa cha umeme kinachofungua na kufunga njia ya maji ya kuingia, kabla ya kujua anashughulika na ipi kati ya hizo anabahatisha kwa fedha ya mwenye mashine. Katika nyumba zinazotegemea tenki la juu ya paa au la mnara, kama zilivyo nyumba nyingi za Dar es Salaam na Mombasa, chanzo mara nyingi kiko nje ya mashine, na kwa sababu hiyo uchunguzi huanzia kwenye maji yenyewe.

Kazi yoyote ya kufungua mpira au kifuniko ifanywe plagi ikiwa imechomolewa na koki imefungwa. Kuzima kwa kitufe hakutoshi, kwa kuwa baadhi ya nyaya za ndani hubaki na umeme mradi plagi iko kwenye soketi.

Pima maji kwanza

Chukua ndoo ya lita 10. Funga koki, fungua nati ya plastiki inayofunga mpira nyuma ya mashine, kisha elekeza ncha ya mpira kwenye ndoo na ufungue koki yote huku ukitazama saa. Hapa watu wengi hukosea kwa kuiweka ndoo sakafuni. Tundu la kuingizia maji kwenye mashine nyingi liko karibu mita 1 kutoka chini, na maji yanayoshuka hadi sakafuni hupata nguvu ambayo mashine haiipati. Ndoo iwekwe juu ya stuli, ili ncha ya mpira ibaki usawa wa tundu la mashine.

Ndoo ikijaa ndani ya dakika moja, maji yanatosha na unaweza kuendelea na hatua nyingine. Ikichukua dakika mbili, uko kwenye mpaka: mashine itafanya kazi siku nyingine na kugoma siku nyingine. Ikizidi dakika tatu, usifungue skrubu yoyote, kwa sababu tatizo liko kwenye mpira, kwenye koki, kwenye bomba au kwenye tenki. Rudia kipimo bila mpira, maji yakitoka kwenye koki yenyewe. Yakitoka kwa wingi, mpira una mkunjo au umeziba, na mkunjo huo huwa nyuma kabisa ya mashine, pale iliposukumwa ukutani ili isichukue nafasi.

Kipimo cha ndoo, hata hivyo, kinaonyesha wingi wa maji na si nguvu yake. Bomba pana linaloshuka kutoka tenki la chini linaweza kujaza ndoo upesi na bado lisiifungue valvu. Vitabu vingi vya mashine hutaja presha ya chini inayokubalika, mara nyingi bar (kipimo cha presha) 0.3 au 0.5, na ya juu bar 8 au 10. Presha inayotokana na tenki huhesabiwa kwa urahisi, kwa kuwa kila mita 10 za kimo cha maji hutoa takriban bar 1. Chukua tenki lililo kwenye mnara wa mita 3, lenye kina cha maji cha mita 1, likilisha mashine ambayo tundu lake liko mita 1 kutoka chini: kimo halisi ni mita 3, yaani bar 0.3 wakati maji yametulia. Maji yakianza kutembea kwenye mabomba na viungo, presha hiyo hupungua. Tenki likishuka na kubaki na maji ya chini tu, kimo hukaribia mita 2, na presha inakuwa bar 0.2. Hivyo ndivyo mashine inavyoweza kufua asubuhi, tenki likiwa limejaa, na kugoma jioni bila kuharibika kitu chochote. Vilevile, anayekaa ghorofa ya juu kabisa, chini tu ya tenki la paani, ndiye mwenye presha ndogo kuliko wapangaji wote wa jengo, ingawa yuko karibu zaidi na maji.

Sababu ya mashine kuwa na masharti haya iko katika umbo la valvu. Ndani yake mna kiwambo cha mpira chenye tundu dogo sana pembeni na tundu jingine katikati. Maji hupenya lile la pembeni, yakajaa upande wa juu wa kiwambo na kukikandamiza kifunge. Umeme unapofika kwenye koili, yaani waya uliosokotwa unaogeuka sumaku, kijiti kidogo cha chuma huinuka na kufungua tundu la katikati, presha ya upande wa juu inapungua, na maji yaliyo chini yanakisukuma kiwambo na kupita. Kwa hiyo koili haifungui njia kuu hata mara moja, ila huyapa maji nafasi ya kujifungulia yenyewe, na maji yasiyo na nguvu hayawezi. Kufunga nako kunategemea nguvu hiyohiyo. Ndiyo maana mashine inayolishwa na tenki la chini mno wakati mwingine haijazi vizuri mchana na usiku inadondosha maji ndani ya pipa ikiwa imezimwa.

Tiba ya presha ndogo ni kuinua tenki au kuweka pampu ya kuongeza presha kati ya tenki na nyumba. Kubadilisha bomba jembamba kwa nene kunapunguza upotevu njiani, lakini hakuongezi kimo, kwa hiyo usiahidiwe miujiza. Pampu ivute kutoka kwenye tenki la nyumbani na si moja kwa moja kutoka bomba la mtaani, kwa kuwa huko huvuta uchafu kupitia viungo vilivyolegea na kuwanyima majirani. Pampu zinazojiwasha zenyewe kwa kuhisi mwendo wa maji zina kasoro moja inayofaa kujulikana: maji yakipita kwa unyembamba mno haziwaki kabisa, au huwaka na kuzima kila baada ya sekunde chache, na mwenye nyumba anaposikia mlio huo hudhani pampu ndiyo mbovu wakati machujio ya mashine ndiyo yaliyoziba.

Machujio

Kila tundu la kuingizia maji lina chujio dogo la plastiki, lenye umbo la kikombe na wavu mwembamba. Lina kishikio kifupi katikati. Likamate kwa plaiza zenye ncha nyembamba na ulivute taratibu likiwa limenyooka. Likivutwa kwa pembe hupasuka, na kulipata lingine peke yake dukani si rahisi, kwani mara nyingi huuzwa pamoja na valvu nzima. Mipira mingine ina chujio la pili upande wa koki, ndani ya washa ya mpira, na hilo husahaulika hata na mafundi.

Linalokutwa humo linaeleza historia ya maji ya nyumba. Mchanga laini wa kijivu hutoka kisimani. Unga mwekundu ni kutu ya mabomba ya chuma. Vipande vyeupe vinavyonyumbuka ni tepu ya kuzungushia nyuzi za bomba, iliyobaki baada ya kazi ya fundi bomba. Magamba magumu meupe, yasiyotoka kwa brashi, ni chumvi za maji magumu, ambazo kwa wanaotumia visima vya pwani ni jambo la kawaida. Tatu za kwanza husafishwa kwa mswaki wa zamani chini ya maji yanayotiririka. Magamba yalowekwe kwenye siki kwa saa kadhaa, kisha chujio lisuuzwe.

Kuna majira ambayo machujio huziba haraka kuliko kawaida, nayo ni siku za mgao wa maji. Bomba likikaa tupu halafu maji yakarudi kwa kishindo, uchafu ulioganda kwenye kuta za bomba hubanduka na kusafiri nayo. Mwishoni mwa 2022, maji ya Mto Ruvu yalipopungua na Dar es Salaam ikaingia kwenye mgao, maji yaliyorudi baada ya siku kadhaa kavu yalikuwa ya namna hiyo. Ni busara kuyaacha maji yarudiayo yatiririke kwanza kwenye koki ya uani mpaka yatakate ndipo koki ya mashine ifunguliwe. Wapo wanaoliondoa chujio moja kwa moja ili wasisumbuke tena. Mchanga ule usiokamatwa na chujio hukaa chini ya kiwambo cha valvu, na valvu isiyofunga ni hatari kuliko isiyofungua.

Mipira yenye kinga ya mafuriko, ile yenye boksi nene la plastiki upande wa koki, ina dirisha dogo linalogeuka jekundu kinga ikishafyatuka. Aina nyingi hazirudishwi, na mpira wote hubadilishwa.

Sikiliza sekunde za mwanzo

Maji yakiwa yanatosha na machujio yakiwa safi, rudisha kila kitu, washa mashine na utege sikio karibu na mpira unapoingilia. Mashine ya mlango wa mbele hufunga mlango kwanza kwa mlio mkavu, halafu ndipo valvu hupewa umeme. Usiposikia mlango ukifunga, usilaumu valvu: kagua kama nguo imebanwa kwenye mpira wa mlango, kama ulimi wa mlango umevunjika, kama programu imewekewa muda wa kuchelewa kuanza au kufuli ya watoto. Mashine nyingi za mfuniko wa juu huingiza maji hata mfuniko ukiwa wazi, na hugoma baadaye wakati wa kukamua.

Ukisikia mvumo wa chini usiokatika, lakini maji hayapiti, umeme unafika kwenye koili na kinachokwama ni kiwambo, au umeme wenyewe ni hafifu. Katika mitaa ambayo taa hufifia jioni, koili inaweza kuvuma bila kuwa na nguvu ya kuinua kijiti chake, na mashine ileile ikafanya kazi saa sita usiku. Kama hakuna mvumo wala mlio wowote, ama koili imekatika, ama waya umechomoka au kuliwa na panya, ama mashine haijatoa amri ya kujaza. Panya si mzaha hapa, kwa kuwa mashine nyingi za mfuniko wa juu ziko wazi upande wa chini, na nyaya za nyuma ndizo wanazozifikia kwanza.

Mashine yenye matundu mawili, la maji moto na la baridi, ina mtego wake. Nyumba zisizo na bomba la maji moto huunganisha la baridi peke yake, halafu mtu akichagua maji ya uvuguvugu, mashine hufungua valvu zote mbili, au ile ya moto peke yake, na kusubiri maji ambayo hayapo. Chagua programu ya maji baridi. Ikijaza vizuri, mashine ni nzima, na kiungo cha njia mbili kitakachopeleka maji ya koki moja kwenye matundu yote mawili kitamaliza tatizo, mradi mashine iwe na uwezo wa kufua kwa maji baridi katika programu unazozitumia.

Maji yanaingia na kutoka

Dalili hii ni ya kwetu hasa, kwa sababu mashine nyingi huwekwa uani au bafuni na mpira wa kutolea maji ukalazwa sakafuni uelekee kwenye shimo. Katika mashine nyingi za mlango wa mbele hakuna valvu inayozuia maji kutoka. Kinachoyazuia ni kimo cha mpira wa kutolea, ambao vitabu vingi vinataka upandishwe hadi kati ya sentimita 60 na 100 kutoka sakafuni kabla haujashuka. Mpira ukilazwa chini, maji huingia juu na kutoka chini kwa wakati mmoja. Mashine hujaza bila kikomo, mita ya maji inazunguka, na mwishowe programu inasimama kwa kosa la kutojaa. Inua mpira na uufunge kwa kamba kwenye koki au kwenye ndoano ya ukutani. Ncha yake isizamishwe ndani ya bomba la taka mpaka hewa ikakosa njia, kwa sababu hapo maji yatavutwa yote hata kama kimo ni sahihi.

Mashine za mfuniko wa juu zilizo otomatiki kabisa mara nyingi zina valvu ya kutolea maji chini ya pipa, inayovutwa na mota ndogo. Sarafu, kifungo cha shati, pini ya nywele au waya wa sidiria ukikaa kwenye mdomo wake, haifungi. Kuitambua ni rahisi: inua mpira wa kutolea juu ya usawa wa pipa, mimina ndoo mbili za maji ndani, kisha ushushe mpira huku mashine ikiwa imezimwa. Maji yakitiririka, valvu haijafunga. Kwa mashine za nusu otomatiki, zile zenye pipa la kufulia na pipa la kukamulia, kagua kwanza kitasa cha kuchagua kufua au kumwaga, kwani kikiachwa kwenye kumwaga hakuna maji yatakayobaki.

Inajidhania imejaa

Mashine hupima kina cha maji kwa hewa. Chini ya pipa kuna kikasha kidogo, na kutoka hapo mpira mwembamba hupanda hadi kwenye sensa, yaani kifaa cha kuhisi mbano, iliyo juu. Maji yakipanda, hewa iliyonaswa hubanwa, na sensa hutafsiri mbano huo kuwa kina. Ute wa sabuni na nyuzi za nguo vikiziba kikasha hicho, hewa hubaki imebanwa hata baada ya maji kutoka, na mashine huamini ina maji. Inaanza kuzungusha nguo kavu, au inaingiza lita chache na kuacha. Sabuni za unga za kufulia kwa mkono, zenye povu jingi, ndizo zinazoleta ute huu upesi, na ndizo zinazoziba droo ya sabuni mpaka maji yanarudi nyuma na kuvuja mbele ya mashine.

Chomoa mpira mwembamba upande wa sensa na upulize kwa mdomo kuelekea kwenye pipa. Pumzi ipite bila kizuizi. Usipulize kwa nguvu kuelekea kwenye sensa, wala usitumie hewa ya kompresa, kwa kuwa kiwambo cha ndani ni laini. Kagua pia kama mpira una ufa: mpira unaovuja hewa huleta kinyume cha tatizo hili, yaani mashine hujaza bila kujua imefika.

Kwa mashine inayojaza bila kusimama kuna jaribio moja linalofaa kuliko yote. Chomoa plagi maji yakiwa yanaingia. Yakiendelea kuingia, valvu imekwama wazi na ndiyo ya kubadilisha. Yakikatika papo hapo, valvu ni nzima, na shaka iende kwenye mpira wa hewa, kwenye sensa au, mwishoni kabisa, kwenye bodi ya umeme inayoiongoza mashine.

Nzima inayodhaniwa mbovu

Aliyezoea mashine ya mfuniko wa juu, ambayo nguo huelea, akinunua ya mlango wa mbele huona kama ina ukame. Mashine hizo zimetengenezwa ziloweshe nguo na kuzidondosha ndani ya maji machache, na usawa wa maji kwa kawaida hauvuki sehemu ya chini ya kioo. Huingiza kidogo, hugeuza nguo mpaka zinywe, kisha huongeza. Ikiwa programu inafika mwisho bila kosa na nguo zinatoka zimelowa na kusuuzika, hakuna cha kutengeneza. Kumimina maji ya ziada kupitia droo huongeza povu tu.

Kosa kwenye skrini na mwisho wa uchunguzi

LG huonyesha IE, Samsung 4E au 4C, Indesit na Ariston H2O. Herufi hizo zina maana moja: maji hayakufika kina kilichotakiwa ndani ya muda uliowekwa. Hazisemi valvu imekufa, na anayezisoma hivyo atanunua valvu wakati mpira wa kutolea umelala sakafuni.

Ikiwa yote yaliyotangulia yamekaguliwa, pima koili kwa multimita (kifaa cha kupimia umeme), plagi ikiwa imechomolewa na nyaya zake mbili zikiwa zimetolewa. Koili nyingi za volti 220 hadi 240 husoma kati ya kilo-ohm 3 na 5. Isiposoma kitu, imekatika. Ikisoma sawa na bado haipati umeme wakati wa kujaza, kazi iliyobaki ni ya kupima mashine ikiwa na umeme, na hiyo aachiwe fundi mwenye vifaa. Mwambie umeshapima maji, umesafisha machujio na umesikia au hukusikia mvumo, ili asirudie kwa malipo.

Ukibadilisha valvu mwenyewe, piga picha ya nyaya na mipira ya ndani kabla ya kuchomoa chochote, na uende dukani na ile ya zamani mkononi, kwa kuwa kuna za koili moja, mbili na tatu, na pembe ya midomo yake hutofautiana. Nati ya mpira ikazwe kwa mkono, na plaiza itumike kuongeza robo mzunguko tu, kwani nyuzi za plastiki hukatika kirahisi. Fungua koki taratibu, zungusha karatasi kavu ya chooni kwenye kila kiungo, na uiangalie tena baada ya mzigo wa kwanza wa nguo kwisha kabla hujairudisha mashine ukutani.